Taa za Nyumba ya Ufukweni Zisizompoteza Kasa: Mwongozo kwa Wenye Nyumba na Mafundi

Kifaranga wa kasa anapochomoza mchangani usiku hana mama wa kumwongoza. Jike alitaga, akafukia, akarudi zake baharini kiasi cha miezi miwili nyuma. Anachofuata kifaranga ni mwanga. Hutazama upande ulio chini na mweupe zaidi, akaupa kisogo upande ulioinuka na wenye kiza. Katika ufuko usio na majengo hesabu hiyo haimdanganyi, kwa sababu bahari huakisi nyota na mwezi, na nyuma yake kuna vilima vya mchanga na vichaka vyeusi. Lakini kwetu Malindi, pwani ya Kenya, ukianzia Silversands ukashuka Casuarina hadi Mayungu na kuendelea Watamu, nyuma yake siku hizi kuna kuta zilizopakwa chokaa, baa, bwawa la kuogelea na taa kubwa ya ulinzi juu ya nguzo. Kifaranga huifuata taa. Asubuhi hukutwa bustanini, kwenye mtaro au barabarani, amekauka, ikiwa kaa na kunguru hawakumwahi.

Mimi ni fundi wa stima, na jambo hili linaniuma kwa sababu madhara yake yanatoka mikononi mwetu mafundi na dawa yake imo mikononi humo humo. Tumezoea kuulizwa taa ngapi zitatosha. Kwenye nyumba ya ufukweni swali la kwanza ni giza liwe wapi. Likishajibiwa hilo, ndipo taa zipangwe kulizunguka. Mwongozo huu unafuata mpango huo. Unafaa nyumba ya kulala wageni, hoteli ndogo, hata nyumba ya familia yenye uwanja unaoangalia bahari, iwe Malindi au Shela kule Lamu.

Kabla ya kushika bisibisi

Kasa anayetaga zaidi katika fuo zetu ni kasa wa kijani. Ng'amba naye huja, ila kwa nadra. Huweza kutaga mwezi wowote, lakini wengi hupanda ufukoni katika masika na kusi, na kila shimo huwa na mayai mia moja hivi, pengine zaidi. Idadi hiyo isikulaze. Hukadiriwa kwamba katika vifaranga elfu moja ni mmoja tu anayefikia utu uzima, na kasa wa kijani huchukua miaka 20 au zaidi kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Kila kifaranga anayepotea kwa sababu ya balbu ni hasara ambayo bahari haikuipanga.

Mwanga haumpotezi kifaranga peke yake. Jike akipanda akakuta ufuko umewaka, mara nyingi hugeuka akarudi majini bila kutaga, na safari hiyo nzito inakuwa ya bure.

Jambo la kitaalamu unalohitaji kulielewa ni moja. Jicho la kasa huona vizuri sana mwanga wa zambarau, buluu na kijani, na huona kwa udhaifu ule wa chungwa na nyekundu. Urefu wa mawimbi ya mwanga hupimwa kwa nanomita: buluu iko kwenye 450 hivi, kijani 530, kaharabu (ile rangi iliyo kati ya manjano na chungwa) 590, nyekundu huanza kwenye 620. Huko Florida, Marekani, ambako fuo za kasa zimebanana na majumba kuliko kwetu, taa za ufukweni hutakiwa ziwe na nanomita 560 kwenda juu. Sasa, balbu nyeupe za LED tunazofunga kila siku hutengenezwa kwa chembe inayotoa mwanga wa buluu, ikafunikwa unga wa manjano ili jicho la binadamu lione weupe. Buluu ile haiondoki. Hata balbu yenye 2700K kwenye boksi lake, ile nyeupe inayoelekea manjano, bado ina buluu ndani.

Kasa wote wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013. Usifukue shimo, usihamishe yai, usiweke uzio wako mwenyewe. Kazi yako wewe ni taa. Mashimo yana watu wake: Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kwa upande wa Watamu na Malindi kuna Local Ocean Conservation, na kwa upande wa Shela kuna Lamu Marine Conservation Trust. Watafute mapema, kabla hujafungua sanduku la vifaa, maana wao wanajua kasa hupandia wapi kwenye kipande chako cha ufuko.

Hatua ya kwanza: itazame nyumba yako kutoka mchangani

Chagua usiku wa tarehe 27 hadi 29 za mwezi wa Kiislamu, mwezi unapokuwa hauonekani mpaka karibu na alfajiri. Siku hizo ni za bamvua, maji yanapojaa na kukupwa kupita kawaida, na kwetu maji ya bamvua hujaa alfajiri na jioni, kwa hiyo ukishuka saa nne usiku utakuta yamekupwa na ufuko u wazi. Shuka na mlinzi wa nyumba au mtu anayeijua sehemu ile. Ikiwa ni msimu wa kutaga, fuatana na walinzi wa mashimo ya kasa, la sivyo wewe mwenyewe utakuwa kero kwa jike aliyekuja kutaga.

Zima tochi. Zima simu, na si kuigeuza kifudifudi tu. Keti robo saa au zaidi hadi macho yazoee giza. Kisha nenda kwenye mstari wa mwani mkavu ulioachwa na maji makuu, maana kasa hutaga kuanzia hapo kwenda juu, na ulale kifudifudi, kidevu kikikaribia mchanga. Wenye nyumba wengi huona haya kufanya hivi, nao ndio wanaokosa kuona tatizo. Ukiwa umesimama, ukuta wa bustani unakuficha taa nyingi na kukuonyesha nyingine zisizomhusu kasa. Ukilala, unaona anachokiona yeye.

Utaona mambo ya aina tatu, nayo yaandike mbalimbali. Kuna balbu inayoonekana yenyewe, kile kinukta kinachochoma jicho. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Kuna balbu iliyofichwa lakini imeangaza kitu, kama ukuta mweupe, dari ya makuti au shina la mnazi, na kitu hicho sasa kimekuwa taa. Halafu kuna mng'aro uliotanda hewani juu ya paa, unaotoka kwa jirani au mjini. Sogea hatua ishirini kushoto, lala tena. Sogea kulia, lala tena. Balbu iliyojificha nyuma ya nguzo ukiwa hapa itakuchungulia ukiwa pale.

Kesho yake chora ramani ya nyumba kwenye karatasi moja, kila taa uipe namba, na ubandike namba hiyo hiyo kwenye swichi yake. Bila namba, mazungumzo yote yanayofuata yatakuwa ya "ile taa ya kule".

Hatua ya pili: kila taa iulizwe inamfaa nani

Chukua ramani, keti na mlinzi, mpishi, msimamizi na mwenye nyumba. Kwa kila namba uliza: nani anaitumia, saa ngapi, na anafanya nini chini yake? Taa isiyo na jibu inazimwa siku hiyo hiyo na waya wake unatolewa. Usiseme tutakuwa tunaizima. Taa yenye swichi kuna siku itawashwa.

Hapa utakutana na hoja ya usalama, na ni hoja ya haki. Mlinzi ana familia na anakesha peke yake. Mpe nafasi ya kuona mwenyewe. Mketishe kwenye kiti chake cha kila usiku, taa kubwa ikiwa imewashwa, umwombe mtu asimame kwenye vichaka nje kidogo ya duara la mwanga. Hatamwona. Taa kali iliyoelekezwa nje humwangazia adui mahali mlinzi alipo na humziba mlinzi macho. Kisha zima, subiri dakika chache, washa taa ndogo za chini kando ya njia pekee. Nimesikia zaidi ya mlinzi mmoja akisema baada ya jaribio hili, "Kumbe sasa naona mpaka ukuta wa mwisho." Ukimpata yeye umempata mwenye nyumba, kwa sababu bosi husikiliza usalama kuliko anavyosikiliza kasa.

Katika nyumba nyingi nilizofanyia kazi, hatua hii peke yake imepunguza taa za upande wa bahari kwa sehemu kubwa kuliko kifaa chochote cha kununua.

Hatua ya tatu: teremsha na ufiche

Taa zilizobaki zisogezwe karibu na ardhi. Anayetembea anahitaji kuona vidato na jiwe lililo mbele yake, na hilo hutimizwa na taa iliyo chini ya goti. Taa za nguzo hazina kazi upande wa bahari.

Taa ya njia unaweza kuitengeneza mwenyewe kwa paipu ya plastiki ya inchi 4, ile ya maji machafu inayouzwa kila hardwea. Nimeichagua kwa sababu ya chumvi. Mabati mazuri kabisa ukiyaweka mita chache kutoka kwenye maji hula kutu, na skrubu za kawaida huoza kabla ya msimu wa pili; plastiki haijali. Tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu, na paipu uipake rangi ya nje ili jua lisiipasue.

Kata kipande cha sentimita 90. Sentimita 35 zitaingia ardhini, 55 zitabaki juu. Funika juu kwa kifuniko chake na uzibe kwa silikoni. Upande utakaotazama njia, mbali na bahari, kata dirisha: ukingo wake wa juu uwe sentimita 48 kutoka ardhini, wa chini sentimita 30, na upana wake usizidi theluthi ya mzunguko wa paipu. Upande wa bahari hauguswi. Ndani, kuanzia kifuniko hadi chini ya dirisha, paka rangi nyeusi isiyong'aa. Fundi mwenye haraka huiruka kazi hii, na taa yake huishia kumwaga mwanga pande zote, kwa sababu plastiki ya kijivu inayong'aa huurusha kama kioo.

Balbu ndogo ya wati 2 au 3 ining'inie kutoka kwenye kifuniko, kichwa chini, ncha yake ikiwa sentimita 50 kutoka ardhini, yaani sentimita 2 juu ya ukingo wa dirisha. Sasa leta uzi. Ushike kwenye ncha ya balbu, uupitishe ukiwa umekazwa chini ya ukingo wa juu wa dirisha, uunyooshe mpaka uguse ardhi. Pale unapogusa ndipo mwanga wa moja kwa moja unapokoma. Kwa vipimo hivi utagusa kama mita 1.3 au 1.4 kutoka kwenye paipu, na njia ya watu wawili kupishana imeshaangazwa. Ukiipandisha balbu hadi sentimita 5 juu ya ukingo, mwanga unafupika hadi kama nusu mita. Ukiishusha ikawa chini ya ukingo, uzi hautagusa ardhi kamwe, na hiyo tena si taa ya njia.

Uzi huo huo utumie kwa kila taa ya nyumba, ya ukutani, ya dari, ya ngazi. Uunyooshe kutoka kwenye balbu kuelekea ufukoni. Ukifika mchangani bila kuzuiwa na kitu, taa hiyo inahitaji kofia au kuhamishwa. Ukutani, kofia ya nusu paipu iliyopakwa nyeusi ndani inatosha mara nyingi.

Kuhusu waya: upande wa bustani tumia volti 12, na kifaa cha kubadilisha stima kikae ndani ya nyumba. Volti 12 hudhoofika njiani. Taa sita za wati 3 zikiwa zote mwisho wa waya wa mita 30 wa milimita za mraba 1.5, utapoteza karibu volti 1, na taa hizo zitafifia. Ukiweka waya wa milimita za mraba 2.5 upotevu hushuka hadi kama 0.6. Mahali ambapo lazima upeleke volti 240, kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, na iwekwe swichi inayokata yenyewe stima inapovuja. Mchanga wenye unyevu wa chumvi hausamehe.

Hatua ya nne: rangi, na jaribio la sidii

Dukani utaambiwa balbu ni "ya manjano". Maneno hayo hayana uzito. Balbu nyingi za manjano ni LED nyeupe iliyovishwa plastiki ya rangi, na buluu hupenya. Unayoitaka ni ile ambayo chembe yenyewe hutoa kaharabu, na kwenye boksi au karatasi yake pawe pameandikwa nanomita 590 au karibu yake. Pasipoandikwa, ipime.

Tafuta sidii ya zamani, ya nyimbo au ya mawaidha, yoyote. Ingia chumba chenye giza, washa balbu hiyo peke yake, shika sidii upande unaong'aa ukiwa umeielekeza kwenye balbu, uizungushe polepole mpaka uone mstari wa rangi ukipita juu yake. Anza na balbu nyeupe ya kawaida ili ujue unachotafuta: utaona rangi zimepangana, buluu, kijani, manjano, nyekundu, kama upinde wa mvua. Sasa weka ile ya kaharabu. Iliyo ya kweli itakuonyesha utepe mmoja wa chungwa, basi. Ukiona kipande cha buluu au kijani kimejitenga, hata kikiwa chembamba, rudisha balbu dukani. Jaribio hili ni la dakika mbili na limewaokoa wateja wangu fedha nyingi kuliko ushauri wowote.

Rangi haiondoi haja ya kofia. Kaharabu iliyo kali na inayoonekana moja kwa moja kutoka mchangani bado inaweza kumvuta kifaranga. Wapo wanaobadilisha balbu tu wakaona wamemaliza, nami nasema wazi kwamba kama una fedha za jambo moja tu, anza na kuficha.

Wateja huuliza kama wageni watachukia rangi hiyo. Chakula cha jioni chini ya mwanga wa kaharabu hupendeza, ngozi za watu hupendeza, na wadudu wa usiku hawamiminiki kwenye taa hizo kama wanavyozijia nyeupe. Kumbikumbi wa masika wakipungua mezani, mpishi atakuwa wa kwanza kukushukuru. Jikoni kwenyewe, anapokata samaki, mwache na taa yake nyeupe. Funga dirisha la upande wa bahari.

Hatua ya tano: saa na sensa

Taa ya njia haina sababu ya kuwaka usiku kucha. Sensa ya kuhisi mwendo huwasha taa mtu anapopita na kuizima baada ya muda uliouweka. Sekunde 30 hadi dakika 1 hutosha kwa njia ya bustanini. Sensa hizi huhisi joto linalosogea, kwa hiyo ielekeze kando ya njia, isitazame bahari, jiko, wala mashine ya kupoza chumba. Ifunge kwenye kimo cha kifua na uzibe nusu ya chini ya lenzi kwa utepe mweusi, paka wasiiwashe kila dakika.

Lamu na Shela zina mgeni mwingine, punda. Punda ana kimo na joto la kutosha kuiwasha sensa, na huzurura usiku mzima. Sensa iliyo kwenye njia yake itawaka hadi adhana ya alfajiri. Mahali pa punda weka taima badala ya sensa. Taa za baraza zizime saa nne au saa tano, zile mbili tatu za lazima zibaki. Wakati shimo linakaribia kutoa vifaranga, na walinzi wa mashimo watakwambia ni lini, hata hizo mbili zizimwe kwa usiku kadhaa.

Taa ndogo za sola za kuchomeka ardhini, zinazouzwa kila mahali sasa, ni nyeupe, hazina kofia na huwaka mpaka chaji iishe. Zihamishie upande wa barabara.

Ndani ya nyumba na bustanini

Vyumba vya juu vyenye vioo vikubwa huangaza ufuko kuliko bustani nzima. Pazia zito lifungwe magharibi inapoingia, taa ya kusomea ikae mbali na dirisha, na taa ya dari ya upande wa bahari ipunguzwe. Kwa nyumba ya wageni, weka kikaratasi kifupi kando ya kitanda chenye sababu yake. Mgeni akijua ni kwa ajili ya kasa hufunga pazia mwenyewe na kumwambia jirani yake.

Mlakasa unaotambaa juu ya mchanga using'olewe kwa ajili ya kupata mandhari. Vichaka vilivyo kati ya nyumba na ufuko ndicho kile kiza kilichoinuka anachokipa kisogo kifaranga, na pia vinaziba taa ambazo hukuweza kuziziba. Vitanda vya jua viingizwe ndani jioni, na mashimo yaliyochimbwa na watoto yafukiwe. Kifaranga akitumbukia humo hatoki. Moto wa kuni ufukoni, hapana.

Ukuta mweupe unaotazama bahari usiumulike. Kama lazima uwe na taa karibu nao, upake rangi ya udongo.

Jinsi ya kujua kama imefanya kazi

Rudi mchangani katika giza la mwezi unaofuata, lala mahali pale pale. Balbu isionekane hata moja. Kilichobaki kikiwa ni mng'aro wa jirani au taa za barabara, una ramani mkononi: mpelekee jirani, na ipeleke ofisi za kaunti. Mtu akiletewa karatasi yenye namba za taa na picha husikiliza kwa namna tofauti na anapoletewa malalamiko.

Kipimo cha kweli ni alama za vifaranga wenyewe. Asubuhi baada ya shimo kutoa, kabla upepo haujafuta, fuatana na walinzi wa mashimo mkatazame nyayo. Vifaranga walioongozwa vizuri huacha alama zilizobanana, kama pembe nyembamba inayoelekea majini. Wakichanganyikiwa, alama hutawanyika, huzunguka, huvuka zenyewe kwa zenyewe, au zote hupinda upande mmoja. Simama juu ya shimo na dira ya simu, chukua mwelekeo wa alama ya mwisho kushoto na ya mwisho kulia, andika tofauti ya nyuzi, na andika mwelekeo wa maji. Alama zikipinda, nyoosha mkono kuelekea zilikopinda. Karibu kila mara mkono huo utaishia kwenye taa, na sasa unajua namba yake.

Ukikuta vifaranga wamepotea usiku, kwanza zima taa zote zinazowavuta. Usiwatie majini na usiwaweke kwenye ndoo ya maji. Waweke kwenye ndoo yenye mchanga unyevu, funika kwa kitambaa cheusi kisichozuia hewa, piga simu kwa walinzi wa mashimo au KWS. Wakikuelekeza uwaachilie, wapeleke kwenye kipande cha ufuko chenye giza uwaache watambae wenyewe hadi majini, bila tochi na bila kumulika kwa simu ili kupiga picha.

Akiba ya balbu

Kazi hii huharibika kimya kimya, na huharibikia kwenye balbu. Ya kaharabu ikiungua mwezi wa tano, wewe hupo, kijana wa matengenezo atakimbilia duka la karibu na kufunga nyeupe. Siku unayokabidhi kazi, acha boksi la akiba lenye balbu zilizokwisha kupimwa kwa sidii, na sidii yenyewe ndani yake. Ndani ya kifuniko cha kila paipu na kwenye mlango wa boksi la swichi andika kwa rangi isiyofutika: KAHARABU TU, UPANDE WA BAHARI. Mwonyeshe kijana huyo jinsi ya kupima uzi, afanye yeye mwenyewe taa mbili ukimwangalia. Halafu muwekeane tarehe ya kushuka tena mchangani kabla masika hayajaanza.